Nyumba Isiyo na Mlango wa Nyuma

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, nilipotoka katika nyumba yangu mwenyewe kwa kupitia dirishani, mchana kweupe, nikimkimbia mama mkwe. Nilikuwa nimevaa suruali yangu ya kanisani, nayo ikachanika nyuma kutoka juu hadi chini. Nilikuwa fundi cherehani, na suruali ile niliishona mwenyewe.

Cheka tu. Mke wangu amenicheka tangu siku hiyo na hajachoka. Lakini ukimaliza kucheka, kaa hapa kidogo, kwa maana nina sababu ya kukusimulia. Nawasikia ninyi vijana mkitoka kanisani mkizungumza habari za viwanja vipya vya Nyanga. Mnasema kila mkirudi kuuliza, bei imepanda, na kila bei ikipanda, kiwanja kimepungua. Wewe mwenyewe umenieleza kwamba umeonyeshwa kimoja, na kwamba utajenga mpaka ukutani kwa jirani ili usipoteze hata hatua moja. Nikanyamaza. Sikunyamaza kwa kukubali. Nilikuwa naikumbuka ile suruali.

Mambo haya si mageni. Uhuru ulipokuwa bado mchanga, mji wa Bukoba ulianza kutanuka kama unga uliotiwa hamira. Vijana tuliokulia vijijini, katika vibanja vya migomba na kahawa vya baba zetu, tulitaka kuishi karibu na soko, karibu na taa. Wengi tulikimbilia Kashai. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba ardhi ni mali ya taifa na haiuzwi, nasi tulipiga makofi. Basi mtu akikuachia sehemu yake hakuuzii ardhi, la hasha! Anakuuzia migomba iliyo juu yake. Sasa sikiliza ajabu hii: migomba ile ile, iliyozeeka, isiyozaa, ilikuwa ikipanda bei kila mwezi. Niliwahi kuonyeshwa mgomba mmoja uliolala chini kwa ugonjwa, mwenyewe akautaja kwa bei ya ndama.

Mimi na mke wangu Kemilembe tulikuwa tumepanga chumba kimoja, na yeye alikuwa mjamzito. Nikaogopa. Nikajiona nimeachwa na basi huku wenzangu wote wamepanda. Nikachukua kipande kilichokuwa kimebaki baada ya watu kugawana, kipande chembamba kama mshipi, barabara mbele, ukuta wa jirani kulia, ukuta wa jirani kushoto, na nyuma migomba ya mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Ma Yustina.

Huyu Ma Yustina alikuwa mjane, Mlutheri wa kweli kweli, mwimbaji wa kwaya, na mteja wangu tangu kabla hatujawa majirani. Sisi tulikuwa Wakatoliki, na kila Jumapili alikuwa akitutania kwamba padri wetu anatuwahisha kutoka ili tukawahi lubisi, pombe yetu ya ndizi. Yeye alikuwepo pale kabla Kashai haijawa Kashai. Mji ulimkuta, ukamzunguka, naye akaendelea kutandaza nyasi chini ya migomba yake kana kwamba hauoni.

Siku nilipoanza kusimamisha miti ya ukuta wa nyuma, nilifuata mstari wa milamula, ile mimea ambayo sisi Wahaya tunaipanda kuonyesha mpaka. Sikuivuka, lakini sikuiachia pumzi. Ma Yustina akaja na panga lake la kukatia majani, akasimama akitazama.

“Ta Muganyizi,” akaniambia, akinipa ile “Ta” ya heshima yetu Wahaya, “mbona nyumba yako haina mgongo? Rudi ndani kidogo uache njia, uweke mlango wa nyuma.”

“Ma,” nikamjibu, “mlango wa nyuma utatokea wapi? Kwako? Na hiyo njia unayoitaka ni nusu ya chumba. Chumba ni kodi.”

“Aa. Kumbe unajenga kodi. Mimi nilidhani unajenga nyumba.”

Nikacheka kwa dharau kidogo, ile dharau ya kijana mwenye mabati mapya. Nikamwambia zamani zimepita, sasa tuko mjini. Akaitika, “Haya, waitu,” kwa adabu zote za Kihaya, akaenda zake. Mwanangu, ukimwona mzee anakubali haraka namna hiyo, ujue hajashindwa. Amekuachia dunia ikufundishe.

Nikajenga kila mahali. Chumba cha mbele nikakifanya cha cherehani. Nyuma yake chumba cha kulala. Ubavuni nikaweka chumba kirefu cha kupangisha, chenye mlango wake barabarani, akaingia humo mlinzi wa ghala la kahawa. Jiko halikupata mahali, basi Kemilembe akawa anapika kwenye pembe ya chumba cha cherehani, na nguo za wateja zikawa zinanuka moshi na maharage. Hata upenu wa paa niliukata mfupi ili maji yasidai nafasi. Kemilembe aliomba kitu kimoja tu, dirisha dogo nyuma, apate mwanga wa kunyonyeshea. Nikampa kwa shingo upande.

Siku zile maneno ya ujamaa yalikuwa kila mahali, kwenye redio, kwenye mikutano ya nyumba kumi kumi, mpaka kwenye vilabu vya pombe. Wapita njia walipoona nina mpangaji, wakanipa jina. “Kabaila!” wakiniita kutoka juu ya baiskeli. “Kabaila wa chumba kimoja, habari za unyonyaji?” Nami nilifurahi kwa siri. Mwenye pupa hata akitukanwa husikia anasifiwa.

Kisha mtoto akazaliwa, msichana, mdogo, mwenye sauti kubwa. Kemilembe alirudi nyumbani akiwa dhaifu sana. Homa ilikuwa inakuja na kuondoka, maziwa hayatoki vizuri, mtoto analia mpaka anakauka. Mimi, kijana wa wakati ule, nilijua kupima kiuno cha mtu kwa macho tu, lakini sikujua kupika uji wa ulezi wala kumwogesha mzazi kwa maji ya moto. Tukatuma habari kwao, Nshamba, upande wa Muleba, kwamba mama yake aje.

Hapa lazima nikueleze desturi, kwa sababu ninyi siku hizi mnawashika mikono mama wakwe zenu na kupiga nao picha. Kwetu, wakati ule, mwanamume na mama wa mkewe hawakutani uso kwa uso. Hakukuwa na uadui ndani yake. Ilikuwa heshima nzito, ya kumwogopa mtu kwa sababu amekupa kilicho bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Akija kwako, wewe unasikia habari, unatoka kwa mlango wa nyuma, unapotelea migombani. Yeye anaingia kwa mbele. Ukitaka kurudi unakohoa, naye anajisogeza. Nyumba za baba zetu zilijengwa zikilijua jambo hilo. Mimi nilipokuwa nikipima kiwanja changu, nilimkumbuka mlinzi wa ghala. Mama mkwe sikumkumbuka kabisa.

Akaja Jumamosi, mchana, mvua inanyunya. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani karibu na mlango, nimeshavaa ile suruali ya kanisani ili nijione inavyonikaa, mambo ya ujana, nikainua macho. Ng'ambo ya barabara amesimama mama mtu mzima, kikapu kichwani, mkungu wa ndizi miguuni pake. Akaniona. Akajifunika kanga usoni, akageuka akanipa mgongo. Nami nikainama nyuma ya cherehani kama mwizi wa kuku.

Sauti ya Kemilembe ikatoka chumbani. “Ni mama?”

“Ni mama.”

“Basi toka aingie!”

“Nitoke wapi? Yuko mlangoni.”

“Basi umwache aingie.”

“Aingie wapi? Mimi niko mlangoni.”

Kisha nikamsikia anaanza kucheka, halafu akaugulia, kwa kuwa kucheka kulimuuma. Mtoto naye akaamka akaanza kulia. Na nje mvua ikaacha kunyunya, ikanyesha.

Mama yule hakuwa na pa kujikinga. Upenu ambao ungemsitiri niliukata mwenyewe. Alivuka barabara, akabanana na ukuta wangu hivyo hivyo, maji yakimtiririkia kwenye kikapu, na wapita njia wakaanza kupunguza mwendo. Mmoja akaita, “Kabaila! Leo umefungiwa na nani humo ndani?” Mwingine akamjibu, “Na mali zake!”

Ndipo mama mkwe akasema. Hakusema nami, asingeweza. Alisema na mlango.

“Wewe mlango, mwambie mwenye nyumba kwamba nimekuja kwa mwanangu. Sikuja kumtoa mtu kwake, wala sikuja kuvunja heshima yake na yangu barabarani, watu wakitazama. Kama nyumba hii haina njia yangu, basi la kurudi Muleba halijaondoka.”

Kama angerudi, Nshamba yote ingejua kabla ya jua kuzama kwamba Muganyizi amemwacha mama mkwe kwenye mvua. Lakini hilo lilikuwa dogo. Mke wangu alikuwa kitandani ana homa, mtoto ananyonya hewa, na mtu pekee aliyejua la kufanya yuko upande wa pili wa ukuta wangu, anageuka kuondoka.

Nikakimbilia chumbani. “Dirisha,” akasema Kemilembe, akininyooshea kidole huku amemkumbatia mtoto. Nikapitisha kichwa, nikapitisha mabega, nikakwama kiunoni. Fundi wa vipimo! Nilisukuma ukuta kwa mikono, nikasikia suruali inalia, nikaangukia upande wa pili juu ya majani mabichi ya migomba, miguuni pa Ma Yustina.

Akanitazama. Akatazama dirisha. Akatazama tena suruali.

“Karibu, Ta Muganyizi,” akasema. “Naona mlango wa nyuma umepatikana.”

“Ma,” nikamwambia nikihema, “mama yake Kemilembe anarudi kituoni. Na mimi siwezi kumkimbilia.”

Hakuniuliza swali, wala hakunikumbusha maneno yangu. Alidondosha panga pale pale, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akapita njia ya kuzunguka, akakimbia. Mama mwenye mvi, mwanangu, katika tope la Kashai, kwa ajili ya kijana aliyemnyima hatua moja ya njia. Nilibaki nimesimama chini ya migomba yake, nimeshika suruali yangu kwa nyuma, nikimsikiliza mtoto wangu akilia ndani ya nyumba nisiyoweza kuingia. Wahenga husema jirani wa karibu ni afadhali kuliko ndugu wa mbali. Nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utotoni, lakini siku ile ndipo uliponiingia.

Muda ulipita. Mvua ikapungua. Kisha kilio cha mtoto kikabadilika, kikawa cha kudeka, kikanyamaza. Nikasikia sauti ya mwanamke mzima chumbani ikiimba polepole kwa Kihaya. Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi zilizolowa, na sitakuambia kama nililia.

Ma Yustina aliporudi alinichukua nyumbani kwake. Akanipa shuka nijifunge, akanitandikia nyasi laini, akaniletea buni za kutafuna kama mgeni anavyopewa. Nilingoja anikaripie. Akachukua suruali yangu, akaigeuza ndani nje.

“Gauni langu la kwaya ulinishonea mwaka juzi,” akaanza. “Ndani ya mshono uliacha kitambaa. Nilikuuliza, cha nini hiki? Ukanijibuje?”

“Nilikwambia ukinenepa tutaachia.”

“Nimenenepa, nawe uliachia, na gauni nalivaa hadi leo. Hii suruali hukuacha kitu. Ulitaka ikubane uonekane kijana. Na nyumba yako umeishona hivyo hivyo, juu ya ngozi. Sasa familia imenenepa kidogo tu, kwa mtoto mmoja na bibi mmoja, na tazama ilivyochanika.”

“Lakini Ma, kiwanja ni kidogo. Na bei...”

“Bei naijua. Wanakuja hapa kila siku kunitajia. Kiwanja kidogo si kosa lako, mwanangu. Hata kitambaa kikiwa kidogo, fundi mzuri huacha mshono. Atakata mikono mifupi, lakini mshono ataacha.” Akanirudishia suruali. “Mimi nitakupa njia kwenye migomba yangu, toka ukutani kwako mpaka barabara ya juu. Ila mlango utatoboa mwenyewe.”

Jumatatu nikaenda kwa mpangaji wangu, yule mlinzi, kumweleza kwamba nataka kukikata chumba chake katikati. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

“Ta Muganyizi, kazi yangu ni kuzuia watu wasitoboe kuta,” akasema. “Leo unaniomba niongoze wezi.” Kisha akaenda kuchukua sururu.

Tukatoboa pamoja. Nusu ya mbele ikabaki yake, na kodi yake ikashuka, ndiyo. Nusu ya nyuma ikawa jiko, lenye mlango wa kuingilia chumbani na mlango wa kutokea migombani. Nilishona mbele, mama mkwe akapika nyuma, na usiku, mlinzi alipokuwa ghalani, nililala kitandani kwake. Kemilembe akapata nguvu, maziwa yakaja, mashavu ya mtoto yakajaa.

Muda wote huo hatukuonana, lakini tulizungumza sana, kupitia kwa mtoto. “Mjukuu wangu,” nasikia kutoka jikoni, “mwambie baba yako kuni zimelowa.” Nami najibu kutoka kwenye cherehani, “Mwanangu, mwambie bibi yako kuni kavu zinakuja.” Siku moja nikasikia, “Mjukuu wangu, mwambie baba yako uji huu nimepika mwingi, na watu wembamba hawashoni nguo zikanyooka.” Nikatoka nje kwa mbele, nikakohoa, nikaingia, nikakuta bakuli limefunikwa juu ya cherehani.

Alipoondoka alipita mlango wa nyuma. Nilikuwa ndani, nimesimama nyuma ya ukuta. Alisimama upande wa pili akashika ukuta, nikaona vumbi la udongo likidondoka upande wangu. “Mjukuu wangu,” akasema, “mwambie baba yako nilikuja nikakuta kodi, naondoka nikiacha nyumba.” Ma Yustina alikuwa amempa maneno yake, bila shaka. Wazee wale wawili walikuwa wamenisengenya jikoni vizuri.

Mlango ule umepita mengi tangu hapo. Nilipougua, watu walinitoa kwa njia ile ya migombani wakanipeleka kwa daktari, kwa kuwa barabara ya mbele ilikuwa imezibwa na ujenzi. Ma Yustina alipofariki, waombolezaji wake walijaa kwake wakatufurikia sisi, wakaingia na kutoka jikoni kwetu kana kwamba nyumba ni moja. Wanawe walipotaka kugawa migomba yake kwa watu wa viwanja, walikuja kwanza kuniuliza njia iachwe wapi. Wakaiacha. Ipo. Siku hizi hata bodaboda wanaijua, na huwa nawafokea.

Sasa nikwambie wazi, usiseme mzee amezungukazunguka. Sikukatazi kununua kiwanja cha Nyanga. Kama ndicho unachokiweza, kinunue, na usione haya kwa udogo wake. Ma Yustina hakuniaibisha kwa udogo, nami sitakuaibisha wewe. Bei itapanda ununue usinunue, kwa hiyo usiiruhusu ikushike shingo ikakukimbiza. Lakini kabla hujachora ukuta, simama katikati ya kiwanja chako umwalike moyoni kila atakayekuja: mtoto ambaye hajazaliwa, mama mkwe na kikapu chake, mgonjwa wa kubebwa, jirani mwenye msiba, na wewe mwenyewe siku utakapokuwa mzee unayetembea kwa fimbo. Wote hao wapimie kiwanja pamoja nawe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema hivyo. Basi usijenge nyumba ambayo mgeni akija mwenyeji anatokea dirishani.

Acha mshono. Ikiwa huwezi kuacha chumba, acha mlango. Ikiwa huwezi kuacha mlango, nenda kwa jirani kabla hujaanza kujenga, ukae naye, utafune naye buni, mwachiane njia ninyi wawili. Mtu akikwambia hiyo hatua moja unayoiacha ni hasara, mlete kwangu nimwonyeshe ile suruali. Kemilembe ameitunza. Huwatolea wajukuu kila Krismasi.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie kiwanja chako kidogo kikue ndani kuliko nje. Akupe paa lenye upenu wa kumsitiri anayepita mvuani, akupe jirani atakayekukimbilia kwenye tope bila kukuuliza, na kila akupendaye akija kwako asikose pa kuingilia. Na siku nitakapokuja kukutembelea, nitapita nyuma.